Chapati ametoka Texas, theluji iko mlangoni, bibi yuko chumbani

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Saint Paul, Minnesota, na mume wangu na watoto wawili, wa kike miaka 11 na wa kiume miaka 7. Mama mkwe yuko nasi tangu Oktoba, ametoka Tanga, atakaa mpaka Mei. Siku 12 zilizopita tulichukua mtoto wa mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Ana wiki 11, manyoya mafupi, aliletwa kwa gari kutoka Texas pamoja na ndugu zake, na watoto wamempa jina Chapati. Kila nikimtoa nje anatetemeka na kujibanza miguuni kwangu. Nikimrudisha ndani anakojoa palepale kwenye zulia. Usiku analia. Mume wangu humsugua pua kwenye mkojo, anasema ndivyo mbwa walivyofunzwa kwao. Mama ni mtu wa kuswali, hataki mbwa amguse, na siku hizi anashinda chumbani amefunga mlango. Nimrudishe? Halafu mdogo ameniuliza jambo nikashindwa kumjibu: eti Chapati anamkumbuka mama yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimrudishe kwa sababu ya mkojo wala kilio. Mkojo kwenye zulia wiki ya pili, kilio cha usiku, kutetemeka kizingitini, vyote hivyo ni vya mtoto wa mbwa yeyote aliyepelekwa mahali asipopajua. Jambo moja tu katika barua yako ndilo lililonipa mashaka, nalo ni mama kushinda chumbani amejifungia. Hilo nitalizungumza kwa kirefu. Ila nianze na mlango wa nje, maana nyumba ya winta mambo yake yote hupitia hapo: mabuti, chumvi, unyevu, watoto kutoka shule, mbwa kwenda haja. Na kwa jinsi ulivyoeleza, mlango wenu haujapangwa, na matatizo yako karibu yote yanaanzia hapo.

Chapati amezaliwa kusini. Watoto wa mbwa huchagua pa kujisaidia kwa kile wanachokihisi chini ya nyayo, na mazoea hayo huanza kushika mapema, kuanzia kama wiki ya nane. Yeye anajua majani, udongo, pengine na saruji ya kituo. Theluji hakuwahi kuikanyaga kabla ya kufika kwenu. Inamchoma nyayo, na imefunika harufu zote ambazo zingemwambia hapa ndipo mahali. Kwa hiyo anapofika nje hana wazo la haja hata kidogo, anatafuta joto, na joto lililo karibu ni miguu yako. Ukimwingiza, mwili unalegea, zulia ni laini kama majani, na mkojo unatoka. Wewe unaona amekuzuga. Yeye amefanya kwa mara ya kwanza kile ulichokuwa unakingoja tangu dakika kumi zilizopita.

Chukua koleo. Futa theluji mpaka majani yaonekane, kipande cha ukubwa wa meza ya chakula kinatosha, karibu na mlango kadiri inavyowezekana, pamoja na njia ya kukifikia. Kama majani yameganda kuwa barafu, tandaza juu yake mabua makavu, yanauzwa kwenye maduka ya bustani. Halafu chukua karatasi ya jikoni uliyofutia mkojo wake wa ndani, iweke hapo uibane na jiwe. Sasa pana harufu yake, na pana kitu anachokijua chini ya nyayo. Kila theluji ikianguka, kipande hicho kifutwe kabla ya hata gari. Mpe binti yako kazi hiyo, ana umri wa kuimudu.

Mtoto wa mbwa wa wiki 11 huweza kujizuia kwa muda wa saa tatu hivi akiwa ametulia. Akiwa anacheza, nusu saa ni nyingi. Mtoe akiamka tu, robo saa baada ya kula, baada ya mchezo, na kabla ya kulala. Mbebe mpaka kwenye kile kipande. Ukimwacha atembee atamaliza shughuli kabla ya kufika. Msimamishe, kaa kimya, usimsemeshe. Akikojoa mpe kipande kidogo cha nyama palepale, kabla hajainua mguu kuondoka. Watu wengi hutoa zawadi wakisharudi jikoni, na mbwa anajifunza kwamba kinacholipwa ni kukimbilia jikoni. Dakika tatu zikipita bila kitu, rudini ndani, lakini asiachiwe sakafu. Aingie kizimbani au akae mapajani mwako kama dakika kumi, kisha mtoke tena. Mara ya pili mara nyingi ndiyo yenyewe.

Hilo la kumsugua pua, mwambie mume wako kwa heshima zote aliache leo. Nami nilikuta wazee wangu wakifanya hivyo, na nilidhani wanajua. Mbwa haunganishi adhabu na mkojo wa dakika tano zilizopita. Anachokiunganisha ni hiki: mkojo ukiwepo na binadamu akiwepo, mimi naumia. Matokeo yake anaanza kukojoa nyuma ya kochi, mbali na macho yenu. Na mbaya zaidi, ukimtoa nje anaogopa kukojoa mbele yako, kwa sababu wewe ni binadamu na umesimama hapo. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kule kujibanza miguuni kwako bila kukojoa imetokana na pua hiyo kusuguliwa. Ukimkuta katikati ya tendo, mnyanyue bila ukali, mpeleke kwenye kipande chake. Ukikuta keshamaliza, safisha tu. Tumia sabuni yenye vimeng'enya, ile inayouzwa kwa ajili ya mikojo ya wanyama, wala usitumie yenye amonia, maana kwa pua yake hiyo inafanana na mkojo na inamwita arudie.

Kuhusu baridi yenyewe. Mtoto wa mbwa mwenye manyoya mafupi hana mafuta ya kumkinga na mwili wake mdogo hupoteza joto haraka. Ikiwa nje ni karibu na sifuri, mvalishe sweta na mnaweza kuzunguka kwa robo saa mkimtazama. Ikishuka chini ya nyuzi 12 hasi, ni haja tu na kurudi, dakika chache. Alama ya kwamba imetosha ni kuinua mguu mmoja na kuushikilia hewani, kisha mwingine. Akifanya hivyo mbebe, msimalizie matembezi. Ncha za masikio, mkia na vidole ndivyo hugandishwa kwanza: ngozi inapauka au kuwa ya kijivu, na inakuwa ya baridi ukigusa. Usisugue wala usitumie maji ya moto. Taulo ya vuguvugu, kisha daktari.

Kuna siku ambazo hata dakika tatu ni ukatili. Tarehe 30 Januari 2019 hapa kwetu ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, na upepo ulifanya mwili uhisi zaidi ya hapo. Kwa siku kama hizo weka zile pedi za kunyonya mkojo kwenye trei, hapohapo karibu na mlango, mahali palepale kila mara. Wanaokwambia pedi zitamharibu hawajasimama nje saa kumi na moja alfajiri na kiumbe cha kilo nne kinachotetemeka. Baridi ikipungua, sogeza trei nje, weka pedi juu ya kile kipande cha majani, kisha iondoe.

Sasa mlango wenyewe, upande wa ndani. Weka beseni dogo, taulo mbili ambazo ni za mbwa peke yake, na kopo la mafuta ya mgando. Kabla ya kutoka, paka mafuta kidogo kwenye nyayo. Mkirudi, kaa chini, mpakate, na anza na mguu wa mbele. Chovya kwenye maji ya vuguvugu, tenganisha vidole kimoja kimoja kwa kidole chako cha shahada, utakuta vipande vya barafu vimekwama kama mchanga wa ufukweni kati ya vidole vya mtoto, na mara nyingi punje ya chumvi nyeupe. Itoe. Futa mpaka pakauke, kisha tumbo, kisha nyonga. Mara za kwanza atang'ata taulo. Mwachie ncha moja aitafune huku ukifuta na nyingine, baada ya wiki atakupa mguu mwenyewe.

Ile chumvi inayomwagwa barabarani si kitu kidogo. Ni chumvi ya kawaida au kloridi ya kalsiamu, inachubua nyayo, na mbwa akijilamba inampa kiu, kutapika na kuharisha. Akila nyingi ni sumu kweli. Kwa ngazi zenu nunua ile iliyoandikwa kuwa ni salama zaidi kwa wanyama, au mwaga mchanga tu. Na kuna kitu kibaya kuliko chumvi: kulanti, yale maji ya rejeta ya kuzuia kuganda. Mengi yana ethilini glikoli, ladha yake ni tamu, na kiasi kidogo mno kinaua figo za mbwa wa ukubwa huo. Angalia sakafu ya gereji yenu kwa tochi. Ukiona dimbwi la kijani, la machungwa au la waridi chini ya gari, Chapati asipite hapo kabisa. Ukihisi amelamba, usingoje dalili, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama anacheza.

Soksi na glovu za watoto zisiachwe sakafuni. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu kila winta nafungua matumbo ya mbwa na kutoa glovu. Mtoto anaingia na baridi, anavua, anatupa, anakimbilia runinga, na mbwa anameza. Weka ndoo yenye mfuniko karibu na mabuti. Mbwa akitapika mfululizo, akikataa chakula na tumbo likawa gumu, fikiria soksi kwanza.

Sasa nije kwa mama.

Mimi si shehe, na hukumu za dini mumuulize anayezijua. Lakini nimekulia Pwani, na najua kinachomfungia chumbani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Pwani tunayafuata, mbwa ni najisi nzito: alichokilamba au kukigusa kwa unyevu huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Maliki wana mtazamo mwepesi zaidi, lakini mama yako hakulelewa hivyo, na akiwa na miaka yake hii msimwambie abadilishe. Mtu anayeswali mara tano kwa siku, ambaye kila akitoka chumbani anakutana na pua yenye maji, hana pa kukaa isipokuwa kujifungia. Na winta inamzidishia, maana mbwa aliyetoka kwenye theluji ni mbwa aliyelowa. Katika fikihi hiyohiyo, kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi. Shida iko kwenye unyevu na mate. Kwa hiyo zile taulo mbili za mlangoni zinamhusu mama kuliko zinavyomhusu Chapati. Mwonyeshe. Mwambie, mama, mbwa hapiti hapa mpaka akauke, na mimi ndiye ninayemkausha.

Kisha mpe nyumba yake. Nunua geti la watoto, lile la kufunga kwenye korido, na upande wa chumba chake, choo anachotawadhia na mahali anapotandika mswala, mbwa asikanyage hata siku moja, hata kwa bahati mbaya, hata mgeni akiwepo. Sebuleni awe na kiti chake na kanga yake ya kukifunika, na hapo pia mbwa asipande. Vyombo vya mbwa viwe na sponji yake, visioshwe kwenye sinki moja na sufuria za wali. Matandiko yake yafuliwe peke yake. Usiyapange haya peke yako kisha ukamtangazia. Nenda ukae naye, umuulize mpaka uwe wapi, na atakapouchora yeye, msiuvuke. Nimeliona hili katika nyumba kadhaa za watu wetu huku. Mtu mzima aliyeheshimiwa mpaka wake hutoka chumbani mwenyewe. Aliyeambiwa "utazoea tu" hukata tiketi ya kurudi kabla ya wakati. Na kama baada ya wiki tatu nne za kujitahidi kweli bado anaishi kama mfungwa, basi hapo nitakuwa upande wake, na mbwa atafutiwa nyumba nyingine kwa utaratibu mzuri kupitia kituo kilichowapa.

Hofu ya mama inaweza kuwa na mzizi mwingine ambao watoto wenu hawaujui. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi wilayani Tanzania, na kichaa cha mbwa nimekiona kwa macho yangu. Ukishakiona hukisahau. Kwa binadamu, karibu visa vyote duniani hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, tiba karibu haipo. Mtu aliyelelewa akiambiwa "mbwa akikusogelea kimbia" hakufundishwa ujinga, alifundishwa kuishi. Mweleze kwamba Marekani ilitangaza mwaka 2007 kuwa aina ya kirusi inayozunguka kati ya mbwa na mbwa imetokomezwa nchini, kichaa kilichobaki kiko zaidi kwa popo, rakuni na wanyama wengine wa porini, na Chapati atachanjwa akifikisha wiki 12, yaani wiki ijayo. Mpe cheti cha chanjo akishike mkononi. Mzee wetu huamini karatasi yenye muhuri.

Mama anaweza kuwa mwalimu mzuri wa mbwa huyu bila kumgusa. Akiwa kwenye kiti chake, mbwa upande wa pili wa geti, arushe kipande kimoja cha kuku kila mbwa anapokaa chini kwa utulivu. Anaporuka, harushi. Hamwiti, hamtazami kwa muda mrefu. Baada ya siku chache Chapati atakuwa anakaa kitako akimwona tu akipita na kanga zake. Siahidi mapenzi. Kuna hadithi Sahihi ya mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Mama anaijua kuliko mimi. Watoto wakimwomba awasimulie, atawasimulia.

Ila kuku huyo awe wa kuchemsha bila kiungo. Jiko letu linaanza na kitunguu, na kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu pia. Kwa hiyo mchuzi haufai, hata ule wa kulambia sahani. Zabibu kavu za kwenye pilau zinaweza kuua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Donge la unga wa maandazi lenye hamira litaendelea kuumuka ndani ya tumbo lake. Chokoleti mnaijua. Mnayoweza kusahau ni zile pipi na bazoka zisizo na sukari, zenye zilitoli, ile inayotia utamu badala ya sukari: sukari ya damu inashuka ghafla na ini linaumia. Mama akitaka kumpa makombo kama kwao, mwekee kibakuli cha wali mtupu, boga au karoti ya kuchemsha, atoe humo, kiasi cha kiganja. Chakula chenyewe kiwe cha watoto wa mbwa, mara tatu kwa siku. Ugali hautamdhuru lakini hautamkuza.

Jioni ndiyo saa ngumu ya nyumba yenu, nadhani. Mwishoni mwa Januari jua huku linazama saa kumi na moja na robo hivi. Watoto wamerudi na basi la shule, wamefungiwa siku nzima, nje ni giza na baridi, na mbwa amelala mchana kutwa akiwasubiri. Vinakutana viumbe vitatu vyenye nguvu ya siku nzima kwenye sebule moja. Hapo ndipo meno yanapoanza, na ni lazima yaanze, mbwa wa umri huo anachunguza kila kitu kwa mdomo. Mfundishe mdogo kusimama kama mnazi: mikono imekunjwa kifuani, macho juu, kimya. Mbwa anayekimbiza watoto akikuta mnazi, mchezo umeisha. Mtoto akipiga kelele na kukimbia, mchezo umenoga. Binti amshike mbwa kwa kamba fupi watoto wanapovua mabuti. Wasiachwe peke yao naye chumbani, hata kama wote ni wema, na mtu asimsogelee anapokula au anapolala.

Na alale. Mtoto wa mbwa huhitaji karibu saa 18 za usingizi kwa siku, na nyumba yenye watoto humnyima. Nyingi ya zile "hasira" za saa moja usiku, anapokimbia ovyo na kung'ata pindo za suruali, ni usingizi. Mtie kizimbani na kitu cha kutafuna, funika nusu kwa shuka, na katika dakika kumi utasikia anakoroma.

Jambo ambalo winta inawaibia watu bila kujua ni hili. Mpaka kama wiki ya 14 akili ya mtoto wa mbwa iko wazi kupokea watu na vitu vipya bila hofu kubwa, kisha dirisha linaanza kufunga. Mbwa wa winta anaona familia moja tu, na nje anaona watu waliofunikwa kofia na mitandio mpaka machoni. Mwezi Mei watu wanavua makoti, baiskeli zinatoka, na mbwa anabwekea kila mtu. Mna wiki tatu. Mbebe kifuani ndani ya koti lako mwende mkasimame mbele ya duka dakika tano, atazame watu, mikokoteni, mabasi. Asikanyage chini panapopita mbwa wengine mpaka chanjo zikamilike, maana kirusi cha parvo, kile kinacholeta kuhara na kutapika kunakoweza kuua, hakiuawi na baridi, kinaweza kukaa ardhini miezi mingi. Nyumbani vaeni vitu tofauti: helmeti, miwani myeusi, baibui, koti la mvua. Washeni kivuta vumbi chumba cha pili huku anakula. Alikeni jirani mwenye ndevu.

Kwa daktari mpelekeni wiki hii na ile kadi aliyopewa kituoni. Chanjo za parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, zinarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Dawa ya minyoo apewe bila kujadili, karibu watoto wote wa mbwa huipata kwa mama yao tumboni au kwenye maziwa, na ile minyoo ya mviringo, pamoja na safura, inaweza kuingia kwa watoto wenu. Kwa hiyo mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kinyesi kiokotwe kila siku. Theluji hukificha tu, Aprili mtakikuta chote. Kwa kuwa ametoka Texas muulizeni daktari kuhusu minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu. Kipimo hakioni kitu kabla ya miezi sita hivi, basi apewe kinga ya kila mwezi sasa na apimwe akiwa na miezi saba. Hizi siku 14 za mwanzo zikiwa hazijaisha, kuhara damu pamoja na kutapika na unyonge ni jambo la usiku uleule, si la kusubiri kesho.

Kilio cha usiku kitapungua ukisogeza kizimba chumbani kwenu, kando ya kitanda, mahali ambapo ukinyoosha mkono vidole vyako vinagusa waya. Alikuwa analala kwenye rundo la ndugu zake, joto kwa joto. Akilia katikati ya usiku mtoe haja bila taa kubwa na bila maneno, mrudishe. Kila baada ya siku kadhaa kisogeze kizimba kidogo kuelekea mnakotaka kiwe.

Hapo sasa naweza kumjibu mdogo wako, na umsomee mwenyewe. Mwaka 1994 mtafiti Peter Hepper wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, alichapisha jaribio lake kwa mbwa waliokwisha kutengana na mama zao kwa karibu miaka miwili. Waliwekewa vitambaa viwili, kimoja kililaliwa na mama, kingine na mbwa wasiyemjua. Walikaa wakinusa zaidi kile cha mama. Na akina mama nao walitambua vitambaa vya watoto wao. Kwa hiyo, kijana, ndiyo. Kama anamfikiria usiku, hilo hatuna njia ya kumuuliza. Lakini harufu yake anayo, na miaka miwili haikuwatosha wale wengine kuisahau.

Harufu yako wewe bado anaijifunza. Chukua fulana yako uliyolala nayo jana, isifuliwe, muulize mama yako kwanza kama haina vifungo vya kumezwa, halafu iweke kizimbani usiku wa leo.